Mkono Mmoja, Mashuka Kumi na Manne

Benchi la kijiwe hiki ni mlango. Mlango mzima wa mbao, tundu la kitasa likiwa wazi, umelazwa juu ya rimu nne mbele ya karakana ya fundi baiskeli; ukikaa vibaya karibu na lile tundu unafinywa mahali pabaya. Kulia kuna ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta ni uwanja wa dobi, pamoja na mapipa yake na waya zake za kuanikia. Kila asubuhi hukaa hapo watu wale wale. Yupo Spoki, mwenye karakana. Yupo Injinia, fundi bomba aliyejipa cheo hicho mwenyewe na watu wakachoka kukataa. Yupo Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na mpaka leo akija kunywa kahawa anavaa tai. Na yupo Povu, dobi mwenyewe, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna siku aliyokosa povu mahali fulani mwilini, hata kama ni nyuma ya sikio. Muuza kahawa huweka jiko lake ncha ya mlango na hana maneno mengi. Jumatano hiyo Povu alichelewa. Alipotokea, mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji tangu vidoleni hadi karibu na kiwiko. Akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, na nusu ya kahawa ikamwagika kabla haijafika mdomoni.

— Umempiga nani? akauliza Spoki.

— Sijapiga mtu. Nimekamua.

— Umemkamua nani?

— Blanketi, bwana! Jana jioni. Nimelisokota mara ya mwisho kabisa, nikasikia kitu kifundoni kimelia ka! kama kijiti. Leo alfajiri sikuweza hata kufunga kifungo. Kanifunga mke wangu, kama mtoto wa chekechea.

— Zahanati wamesemaje?

— Ati kano zimechoka. Nisikamue kitu chochote miezi miwili. Hata chungwa.

— Hata chungwa!

— Nikitaka chungwa, nimenye nile. Kukamua, marufuku.

Wakacheka, na Povu akacheka nao, lakini cheko lake lilikatika mapema. Kule nyuma ya ukuta, ndani ya mapipa mawili, yalikuwa yamelala mashuka kumi na manne ya nyumba ya wageni. Kufua yalishafuliwa, mkewe ndiye aliyesugua, yeye akasuuza kwa mkono mmoja. Mwenye nyumba ya wageni aliyataka Ijumaa kabla ya saa sita, kwani kulikuwa na watu wa semina wanakuja kulala. Mwezi uliopita Povu alichelewesha siku moja, na yule mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Baba, mimi nakuheshimu, lakini wale wa barabara ya pili wana mashine." Tangu siku hiyo neno mashine lilikuwa likimwamsha Povu usingizini.

— Basi tutakamua sisi, akasema Injinia akijipigapiga mapaja. Tuko watu watatu, mikono sita.

— Mkono mtupu haulambwi, akasema Mwalimu, akanyanyuka.

Hakuna aliyejua methali hiyo imeingia kwa mlango gani. Hivyo ndivyo alivyokuwa Mwalimu. Hesabu zake hazikuwahi kukosea. Methali zake hazikuwahi kufika palipohusika.

Wakaingia uwanjani. Injinia akashika ncha moja ya shuka, Mwalimu akashika nyingine, wakavutana mpaka likanyooka katikati yao huku likimwaga maji kama paa bovu.

— Sikiliza, Mwalimu akaelekeza. Wewe zungusha kulia, mimi kushoto. Kinyume kwa kinyume.

Wakazungusha. Shuka likazunguka lote kwa pamoja, bila kujisokota hata kidogo, kama kamba ya kuruka. Spoki, aliyesimama karibu, akalowa mpaka kofia.

— Mbona halikamuki? Injinia akahema.

— Ongeza kasi!

Wakaongeza. Shuka likapiga mluzi hewani. Povu alitazama akajishika kichwa kwa ule mkono mmoja aliobakiwa nao.

— Jamani, mmeelekeana! Kulia kwake ni kushoto kwako!

Mwalimu akasimama. Akatazama mkono wake wa kulia, akatazama wa Injinia. Akachora duara hewani kwa kidole, kisha akachora jingine.

— Kumbe, akasema.

— Sawa, tubadili, akasema Injinia.

Wakabadili wote wawili kwa mpigo, na shuka likaanza kuzunguka upande wa pili vile vile, kama kamba ya kuruka. Injinia, kwa hasira, akalivuta kwa nguvu. Pindo likaitika *traa!* na mpasuko wa shubiri nzima ukafunguka.

— Basi! Povu akapiga kelele. Basi jamani, nawashukuru, basi!

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema Mwalimu kwa huzuni, na kila mtu akamgeukia kwa mshangao, maana safari hii ilikuwa imeingia.

Wakarudi mlangoni, wamelowa na wameaibika. Muuza kahawa akawamiminia bila kuulizwa. Povu alikaa amelipakata lile shuka lililochanika, akifikiri atalishonaje kwa mkono wa kushoto.

— Mnajua kosa liko wapi? Spoki akaanza, akikamua kofia yake. Kosa si letu. Kosa ni la vifaa. Kila kazi imepata vifaa vipya. Mimi nina pampu ya kusimama nayo. Injinia ana spana inayojifunga yenyewe. Lakini dobi! Dobi yuko na pipa, ubao na mikono yake, kama babu ya babu yake. Hebu lete ubao wako tuuone.

Povu akauleta ubao wa kufulia. Ulikuwa na mifereji ya bati juu mpaka chini, ila katikati, mahali nguo husuguliwa, mifereji ilikuwa imelika, pamekuwa laini na pameng'aa.

— Umeona? Hapo hakuna ubao, hapo kuna kioo.

— Ubao wenyewe umekosewa tangu kuumbwa, akasema Injinia. Tazama. Nguo ikienda chini, inasuguliwa. Ikirudi juu, inapumzika. Nusu ya kazi imepotea. Ingekuwa mimi, ningeutengeneza duara. Ubao wa duara hauna kurudi. Ni kwenda tu.

— Na mfuaji atasimama wapi? akauliza muuza kahawa.

— Katikati.

— Atatokaje?

Injinia akanywa kahawa. — Hilo ni la baadaye.

— Tuache ubao, akasema Mwalimu. Mashuka yameshafuliwa. Tatizo ni maji. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Sasa hapa tunautaka utengano wenyewe, shuka upande wake na maji upande wake. Njia nyepesi ni mwendo wa mzunguko. Tunalifunga shuka kwenye kamba nyuma ya baiskeli, Spoki anauzunguka uwanja kwa kasi, maji yanaruka yenyewe kwa nje.

— Na vumbi linaruka lenyewe kwa ndani, akasema Povu.

— Basi kwenye paa! Tunapanda na shuka juu ya paa, tunaliachia. Uzito mara kimo. Likifika chini, kishindo kinatoa maji.

— Mwalimu, hilo ni shuka, si nazi.

— Ngojeni, ngojeni, Injinia akawatuliza kwa viganja vyote viwili. Mimi nimepata. Sisi hapa tukikaa wote, tuna uzito gani?

Mwalimu akawapima kwa macho mmoja mmoja.

— Kilo mia tatu na kumi. Pamoja na jiko, mia tatu na ishirini.

— Mia tatu na ishirini! Kila siku! Zinakaa bure! Tunanyanyua mlango, tunayapanga mashuka chini yake, tunakaa tunakunywa kahawa. Tukimaliza mazungumzo, mashuka yamekamuka. Na mgeni yeyote akija, karibu, kaa, tena kaa kwa nguvu.

Povu aliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka ijulikane. Kisha Spoki akasema kwamba kama ni uzito, lori la mchanga hupita saa nne kila siku na dereva wake anafahamika, na hapo Povu akazinduka.

— Jamani. Hayo ni mashuka ya watu. Yana jina la nyumba ya wageni kwenye pindo. Naomba mnionee huruma.

Alilisema bila kukusudia, na likatoka lilivyokuwa moyoni. Spoki akaiweka kofia yake iliyolowa maji juu ya goti.

— Kaka, akasema, sasa bila utani. Kesho asubuhi nakutengenezea kikamulio. Magogo mawili ya mviringo, moja juu ya jingine, nayavika mpira wa tyubu ili yang'ate. Pedeli na mnyororo vinazungusha. Shuka linaingia huku limelowa, linatoka kule kama karatasi. Hutashika kitu. Utakanyaga tu, miguu yako ni mizima.

— Fremu naitengeneza mimi kwa mabomba, akasema Injinia.

— Na mimi nitapiga hesabu ya mnyororo, akasema Mwalimu. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tuanze sasa hivi.

Usiku ule Povu alilala vizuri. Mkewe alimuuliza amepata dawa gani, akamjibu: marafiki.

Alhamisi saa tatu kikamulio kilikuwa kimesimama katikati ya uwanja, na kwa kweli kilikuwa kizuri. Mabomba manne ya Injinia yalishika magogo mawili meusi ya mpira. Pembeni yake kulikuwa na kiti cha baiskeli, pedeli na mnyororo uliopakwa grisi mpya. Mke wa Povu alikuwa ameondoka mapema kupeleka mashati ya wateja na kununua sabuni na mkaa. Kabla ya kutoka aliizunguka mashine mara moja, akasema, "Shemeji zangu, Mungu awabariki. Mtoto wa mtu asikatike kidole," akaenda zake.

Kwanza wakajaribu shati la Injinia, walilolilowesha pipani. Spoki akakanyaga, magogo yakazunguka, yakameza mkono wa shati, yakameza kola, maji yakatiririka, na vifungo vitano vikaruka kimoja kimoja, *ti, ti, ti, ti, ti*, cha mwisho kikamgonga muuza kahawa aliyekuja kuchungulia ukutani.

— Mashuka hayana vifungo, akasema Spoki bila kusimama.

Wakaleta shuka la kwanza. Mwalimu akawa upande wa kupokea. Shuka likaingia polepole, limejaa maji kama tumbo, na mbele ya macho yao likatoka upande wa pili jembamba, limebanwa, halina hata tone. Povu akalishika lile pindo kwa mkono wa kushoto akalisugua kwa kidole gumba. Lilikuwa limekamuka kuliko alivyowahi kulikamua yeye.

— Jamani, akasema. Jamani!

— Nilikuambia nini? Spoki alikuwa anacheka huku jasho linamdondoka puani. Wa barabara ya pili waje wajifunze!

— Ukiona vyaelea, vimeundwa! Mwalimu akashangilia, akainama kulivuta shuka litoke lote.

Hapo ndipo ncha ya shuka iliponata kwenye mpira wa gogo la juu. Badala ya kutoka, likaanza kujiviringisha kurudi ndani. Na tai ya Mwalimu, iliyokuwa inaning'inia juu yake, ikaenda nalo.

— Simamisha, akasema Mwalimu kwa adabu.

Spoki alikuwa bado anashangilia. Tai ikaingia hadi nusu.

— Simamisha! Spoki! Simamisha we!

Spoki akasimama. Lakini wakati huo shavu la Mwalimu lilikuwa limeshalalia shuka bichi, na miwani yake imepanda kwenye paji la uso.

— Rudisha nyuma, akasema Injinia.

Spoki akakanyaga kinyumenyume. Mnyororo ukazunguka, *tik-tik-tik-tik*, lakini magogo hayakutikisika.

— Rudisha!

— Nairudisha!

— Hairudi!

— Haiwezi kurudi, akasema Spoki polepole, na uso wake ukabadilika. Ni baiskeli. Baiskeli ukikanyaga nyuma hairudi nyuma.

— Hukuliwaza hilo jana?

— Wewe uliwaza mtu atatokaje kwenye ubao wa duara?

— Mabwana, akasema Mwalimu kutoka ndani ya shuka, mnaweza kulijadili jambo hili baadaye?

Povu alikuwa ameshapiga magoti chini, anatafuta nati ya gogo la juu kwa mkono wa kushoto, spana inateleza kwa grisi, wakati sauti ya mwanamke iliposikika langoni.

— Hodi wenyewe.

Povu aliitambua sauti hiyo kabla ya kugeuka, na spana ikamwanguka. Alikuwa mama mkwe. Bintiye alimpelekea habari za mkono uliofungwa bendeji, naye amepanda gari asubuhi hiyo hiyo. Alisimama hapo na begi lake begani, amevaa nadhifu, amekunja mwavuli, akimtazama mkwewe aliyepiga magoti na grisi hadi kwenye nyusi.

— Karibu, mama. Shikamoo.

— Marahaba, mwanangu.

— Shikamoo mama, wakaitikia Spoki na Injinia kwa pamoja, Spoki akiwa bado juu ya kiti.

— Marahaba.

— Shikamoo mama, ikasema mashine.

Mama mkwe akaizunguka mashine mpaka akaliona jicho moja la Mwalimu.

— Marahaba, baba. Umeumia?

— Hapana, mama. Nasubiri tu.

Akafungua begi, akatoa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akaikata tai. Mwalimu akainuka taratibu, amebakiwa na fundo na kipande chenye urefu wa kidole, akarekebisha hilo fundo, akashukuru. Povu alitamani ardhi ipasuke. Mkwe wake, siku ya kwanza kuja kumjulia hali, amekuta wanaume wazima wanne na suruali zilizolowa, na mmoja wao analiwa na shuka.

Akaletewa kiti. Akaletewa kahawa. Akaulizia mkono, akaushika, akaupapasa juu ya bendeji kwa upole. Kisha akaitazama tena mashine.

— Sasa wanangu, mlikuwa mnafanya nini?

— Tunakamua, mama, akasema Spoki.

— Nimeona. Mnakamua ili iweje?

— Ili maji yatoke.

— Yatoke ili iweje?

— Ili shuka likauke.

— Lisipokamuliwa, halikauki?

Spoki akamtazama Injinia.

— Litakauka, mama, akasema Injinia. Ila litachuruzika.

— Litachuruzikia wapi?

— Chini.

— Chini kuna nini?

Wote wakatazama chini. Chini kulikuwa na udongo.

Mwalimu akajaribu: — Samaki mkunje angali mbichi, mama. Na shuka vile vile...

— Hilo ni la kukunja, baba. Mimi nauliza la kukamua.

Akasubiri. Hakuwa anawadhihaki, na hilo ndilo lililowatia taabu zaidi; alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

— Mnisamehe, akasema. Mimi miaka thelathini nilikuwa karani wa mahakama. Kazi yangu kuandika majibu ya watu. Shahidi akisema "ndivyo ilivyo siku zote", hakimu alikuwa ananiambia, hilo si jibu, andika shahidi amenyamaza. Ya kufua siyajui, mwenzenu nguo zangu nilikuwa nampa huyo binti. Ndiyo maana nauliza.

Wakamgeukia Povu. Yeye ndiye dobi. Kama jibu lipo, liko kwake.

Na Povu alilitafuta kweli. Alimkumbuka mjomba wake aliyemfundisha kazi, jinsi alivyoizungushia nguo kwenye nguzo na kuisokota mpaka inalia, kisha anaiinua juu na kungoja. Likidondoka hata tone moja, anairudisha. "Dobi hujulikana kwa tone," alikuwa anasema. Povu aliliamini neno hilo miaka ishirini na miwili. Alikamua masika na kiangazi. Alikamua kwenye jua kali la kukausha hata mawe. Zipo siku vidole vilikataa kufunguka akavifungua kimoja kimoja kwa meno. Na katika siku zote hizo hakuwahi, hata mara moja, kujiuliza lile tone likidondoka litamfanya nini.

— Mvua ikiwepo, akasema mwisho, sauti imekwaruza, lazima ukamue. Vinginevyo haliwahi kukauka.

— Sawa. Na leo?

Povu akatazama mbingu. Hakukuwa na wingu hata la kuombea. Upepo ulikuwa unavuma kutoka barabarani, mwepesi, mkavu.

— Leo..., akasema.

Alikaa kitako pale pale kwenye matope. Rafiki zake wakadhani mkono umemzidi, Injinia akamwinamia. Lakini Povu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko machozi yale yakawa machozi kweli kwa muda mfupi, akayafuta kwa bendeji, akaendelea kucheka.

— Mama, akasema, umenikuta na miaka ishirini na miwili, umeninyang'anya kwa swali moja.

— Pole, mwanangu. Sikukusudia.

— Hapana, mama. Ahsante.

Likabaki jambo moja, na hilo lilikuwa la haki: shuka ambalo halijakamuliwa ni zito, na waya zingelegea mpaka mapindo yaburuzike udongoni. Injinia akaitazama mashine. Spoki akamwona anaitazama.

— Usithubutu, akasema Spoki.

— Mabomba ni yangu.

— Tungeitengeneza! Breki tu! Breki na gia ya kurudi!

— Utaitengeneza masika. Leta spana.

Wakaivunja. Mabomba manne yakawa nguzo za kuinulia waya. Spoki alinung'unika kwa dakika nzima, kisha akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kazini kwa bidii kuliko wote. Yeye na Injinia walinyanyua kila shuka kutoka pipani kwa ncha zake, Mwalimu akilishikilia tumbo lisiburuzike; maji yote yakawa yanaingia ndani ya shati lake, huku akihesabu kwa sauti. Povu alikaa kwenye kiti karibu na mama mkwe, akaelekeza. Pindo liwe sawa na waya. Vibanio viwe karibu karibu. Usilivute, liache lijinyooshe lenyewe. Hakuwahi kuitazama kazi yake akiwa amekaa, na aliona kwamba ni kazi nzuri kuitazama.

Ilipofika saa sita mashuka kumi na matatu yalikuwa yananing'inia, yakichuruzika yote kwa pamoja kama mvua ndogo iliyoamua kunyesha uwanja mmoja tu. La kumi na nne, lililopasuka, mama mkwe alikuwa analishona magotini, amevaa miwani. Muuza kahawa akaligeuza birika juu chini kuwaonyesha.

— Imekwisha, akasema.

Hakuna aliyeondoka. Walikaa mlangoni bila kahawa wakisikiliza maji yakidondoka, mwanzo kwa fujo, kisha kwa hesabu, kisha tone moja moja. Spoki akaanza kueleza kwamba wazo lenyewe, ukilitazama vizuri, alikuwa nalo tangu Jumatano. Injinia akamkumbusha kwamba bila mabomba kusingekuwa na kitu. Mwalimu akasema mchumia juani hulia kivulini, akahamia upande wa jua akauke.

Saa kumi na moja mke wa Povu alirudi, sabuni kapuni na gunia dogo la mkaa kichwani. Mkaa huo ulikuwa wa pasi. Alikuwa amepiga mahesabu njiani kwamba akianza kupiga pasi mara tu afikapo, mashuka kumi na manne yatamchukua mpaka kesho asubuhi, na alikuwa amekwisha kukubali. Alimkumbatia mama yake, akamsalimu kila shemeji, akamtazama Mwalimu shingoni, akaamua kutouliza. Kisha akaingia uwanjani.

Mashuka yalikuwa yamekauka. Yalining'inia meupe, manyoofu, yakiupokea upepo yote kwa mara moja. Akaushika ukingo wa la kwanza. Akalipitishia kiganja kutoka juu hadi chini, akitafuta mikunjo anayoifahamu, ile ya kusokotwa, ambayo pasi yake huihangaikia kila wiki. Akalijaribu la pili. Akalijaribu la tatu. Akautua mkaa chini.

— Nani ameyapiga pasi? akauliza.

Watu waliozungumza siku mbili bila kupumua wakatazamana. Povu akasogea, akalifungua shuka kibanio kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, mkewe akapokea ncha ya pili, wakaelekeana, wakaanza kulikunja.

— Maji, akasema Povu.